Barabara Kuu Mpya Inapokaribia: Nani Hunufaika, na kwa Masharti Gani?

Swali: Wapima ardhi wamekwisha kupita katika eneo letu na kuacha vigingi vyao. Tumeelezwa kwamba barabara kuu mpya ya njia nne itapita kandokando ya mji wetu na kwamba italeta maendeleo. Baadhi ya wenzangu wanashangilia. Wengine wanasema tutaachiwa kelele na vumbi tu. Naomba unieleze kitaalamu: barabara kuu mpya huwanufaisha vipi watu wanaoishi karibu nayo pamoja na mazingira yao, na manufaa hayo hutegemea nini?

Jibu: Manufaa yapo, na pengine ni makubwa kuliko yanavyotajwa majukwaani, lakini hayamfikii kila mtu aliye karibu na lami. Kwa kifupi, barabara kuu hunufaisha mahali inapofikika kuliko mahali inapopita. Gari linalopita mbele ya nyumba yako kwa kasi ya kilomita 110 kwa saa, bila kuwa na pa kutokea, halikuachii kitu isipokuwa mngurumo wake. Mji ulio kilomita nane kutoka kwenye lami hiyohiyo, lakini wenye barabara nzuri ya kuufikisha kwenye makutano, unaweza kuvuna zaidi yako. Karibu kila jambo nitakaloeleza linategemea tofauti hiyo, na kwa bahati nzuri ni tofauti inayoamuliwa na watu mezani, wakati wa usanifu, si na hali ya nchi.

Faida inayotajwa zaidi ni kupungua kwa muda na gharama za safari. Mafuta huokolewa, matairi na springi hudumu, na gari moja linaweza kufanya safari mbili kwa siku badala ya moja. Watu wengi huihesabu faida hii kwa dakika zinazookolewa, na wachumi nao hufanya hivyo wanapoandaa upembuzi yakinifu, lakini kwa mfanyabiashara uhakika wa safari una thamani kuliko kasi yake. Lori ambalo leo hutumia saa sita na kesho saa kumi na nne kwa safari ileile humlazimisha mwenye kiwanda kujaza ghala malighafi ya siku nyingi, na malighafi iliyolala ghalani ni fedha iliyolala. India ilipopanua barabara kuu zinazounganisha Delhi, Mumbai, Chennai na Kolkata, mtandao wa kilomita 5,846 ambao ujenzi wake ulipamba moto kuanzia mwaka 2001, mchumi Saugato Datta alilinganisha viwanda vya miji iliyofikiwa na barabara hizo na vya miji ambayo haikufikiwa. Alikuta kwamba vile vya kwanza vilipunguza akiba yao ya malighafi kwa kiasi cha uzalishaji wa siku 6 hadi 12. Kwa kiwanda kidogo chenye mtaji wa mkopo, kuachiwa fedha ya siku kumi ni jambo zito. Mkulima wa mboga au mfugaji wa ng'ombe wa maziwa ananufaika kwa njia hiyohiyo kutoka upande mwingine: mnunuzi anayejua kwamba mzigo utafika kabla haujaharibika hukubali kuufuata mbali zaidi.

Hata hivyo, kupungua kwa gharama za mwenye lori si sawa na kupungua kwa nauli au bei ya kusafirisha gunia. Baina ya hayo mawili kuna soko la usafirishaji, na soko hilo likiwa mikononi mwa wachache wanaopanga bei pamoja, akiba yote iliyoletwa na lami hubaki mifukoni mwao. Benki ya Dunia ilichapisha mwaka 2009 uchambuzi wa njia kuu za usafirishaji barani Afrika uliofikia hitimisho hilohilo: katika baadhi ya njia, bei kubwa ya usafirishaji ilitokana zaidi na kanuni na makubaliano yaliyozuia ushindani kuliko ubovu wa barabara. Mfano uliotolewa wa kinyume chake ulikuwa Rwanda, ambako bei ilishuka kwa kiwango kikubwa baada ya soko hilo kufunguliwa. Kwa hiyo jumuiya inayosubiri barabara inafaa iulize mapema ni nani atakayepewa leseni za kusafirisha abiria na mizigo, na kwa masharti gani. Swali hilo halimo katika michoro ya mhandisi, na ndiyo maana husahaulika.

Sasa nije kwenye viwanda na ajira za kudumu, kwa sababu hapa ndipo ahadi huwa kubwa kuliko ushahidi. Katika mtandao huohuo wa India, watafiti Ejaz Ghani, Arti Grover Goswami na William Kerr waliona shughuli za viwanda zikiongezeka katika wilaya zilizo ndani ya kilomita 10 kutoka barabara hizo kuliko katika wilaya zilizo kati ya kilomita 10 na 50. Huo ni ushahidi mzuri kwa upande wa wanaoshangilia. Lakini tazama pia uliotoka China, ambako mtandao wa barabara kuu wa kitaifa ulijengwa kwa shabaha ya kuunganisha miji mikubwa, nao ukapita katika wilaya nyingi za pembeni zilizokuwa katikati ya safari. Benjamin Faber, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2014, alionyesha kwamba wilaya hizo za pembeni zilizounganishwa zilikua kiuchumi polepole kuliko zile ambazo hazikuunganishwa, hasa kwa sababu uzalishaji wao wa viwandani ulirudi nyuma. Sababu yake si ngumu kuielewa. Barabara ina pande mbili: inayotoa mazao yako kwenda jijini ndiyo inayoleta bidhaa za kiwanda kikubwa cha jijini kwenye duka lako, na fundi au kiwanda kidogo ambacho kilikuwa kikilindwa na ubovu wa njia hukabiliwa ghafla na mshindani mwenye bei nafuu. Mlaji hufaidika, mzalishaji mdogo anaweza kufunga. Nchini Marekani nako, Amitabh Chandra na Eric Thompson walipochunguza barabara kuu zilizojengwa baada ya sheria ya barabara kuu ya mwaka 1956, waliona shughuli za kiuchumi zikiongezeka katika wilaya zilizopitiwa moja kwa moja, huku zikipungua katika wilaya jirani ambazo hazikupitiwa. Sehemu ya kile kinachoitwa maendeleo, kwa maneno mengine, ni shughuli zilizohama kutoka kwa jirani.

Sisemi haya ili kukukatisha tamaa. Tofauti ya matokeo kati ya India na China inatufunza kutazama kile ambacho mahali fulani panaweza kukizalisha kwa ubora au kwa unafuu kuliko jiji: ardhi ya bei nafuu kwa maghala, mazao yanayoharibika upesi, mbao, mawe, utalii, au wafanyakazi wenye ujuzi fulani. Mji wenye kimojawapo cha vitu hivyo huona barabara kama mlango wa kutokea. Mji usio na kitu cha kuuza, na ambao uliishi kwa kuwauzia wapita njia, uko katika hali tofauti kabisa, na kwa kuwa umesema barabara itapita kandokando ya mji, jambo hili linawahusu moja kwa moja.

Barabara ya mchepuo huondoa magari ya safari ndefu katikati ya mji. Malori mazito hayapiti tena mbele ya shule, barabara ya zamani inakuwa tulivu, na watu wa mji wanaweza kuitumia kwa baiskeli na kwa miguu bila hofu. Hilo ni jema, na wakazi wengi hulithamini baada ya miaka michache. Lakini mwenye mgahawa, mwenye nyumba ya wageni, fundi wa matairi na mwanamke anayeuza matunda kwenye madirisha ya mabasi huona wateja wao wakihamia kilomita tatu pembeni katika muda wa siku moja, ile siku utepe unapokatwa. Mji mkubwa kiasi, ambao watu huufuata kwa ajili ya soko, hospitali au ofisi, kwa kawaida hustahimili. Kitongoji kilichokua kwa sababu tu ya kuwa kituo cha mapumziko huumia. Dawa yake inajulikana, nayo ni kutenga eneo la maegesho, choo, maji na vibanda vya biashara kwenye makutano yenyewe, kisha kuwapa kipaumbele wafanyabiashara wa barabara ya zamani kabla makampuni makubwa ya mafuta hayajachukua viwanja vyote. Lakini dawa hiyo lazima iingizwe kwenye mpango kabla ya zabuni kutangazwa. Baada ya hapo ardhi ya makutano huwa imekwisha kununuliwa.

Hayo yananirudisha kwenye makutano. Barabara kuu ya kisasa, hasa ikiwa ya kulipia, hufungwa pande zote mbili, na magari huingia na kutoka mahali palipopangwa tu. Kufunga huko ndiko kunakoipa kasi na usalama wake. Mtu anayependekeza kwamba kila kijiji kiwe na mlango wake anapendekeza barabara ya kawaida yenye jina kubwa. Kwa hiyo ubishi wa maana ni juu ya umbali kati ya makutano na makutano, na juu ya barabara za pembeni zinazoenda sambamba na ile kuu ili mtu asiye na gari la kasi, mwenye trekta, mkokoteni au baiskeli, aweze kufika kwenye makutano hayo. Wasanifu wanapobanwa na bajeti, barabara za pembeni ndizo hukatwa kwanza, kwa ahadi kwamba zitajengwa katika awamu ya pili. Kwa maoni yangu, barabara kuu isiyo na barabara za pembeni katika eneo lenye watu wengi haijakamilika, hata kama lami yake inang'aa. Vilevile, kilomita chache za barabara ya changarawe inayopitika mwaka mzima kutoka vijijini hadi kwenye makutano hugharimu sehemu ndogo sana ya bei ya kilomita moja ya njia nne, na mara nyingi ndizo zinazoamua iwapo mkulima ataiona faida ya mradi mzima.

Kuhusu huduma za jamii, niseme kwa kifupi. Gari la wagonjwa linafika mapema, dawa zinasafirishwa kwa uhakika, na walimu na wauguzi hukubali kwa urahisi zaidi kupangiwa kazi mahali wanapoweza kutoka na kurudi. Yote hayo ni kweli, kwa sharti kwamba mabasi yana vituo halali vya kusimama nje ya njia za mwendo kasi, vyenye kivuli na njia salama ya miguu. Kuhusu ajira za wakati wa ujenzi, zichukuliwe kama kipato cha muda. Barabara za sasa hujengwa kwa mitambo mingi na watu wachache, na kambi ya mkandarasi ikivunjwa ajira hizo huondoka nayo, isipokuwa kwa vijana waliopata cheti cha kuendesha mitambo au kupima udongo.

Usalama ni faida ambayo hutajwa kwa haraka, na nadhani inastahili kukaliwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walifariki katika ajali za barabarani mwaka 2021, zaidi ya nusu yao wakiwa watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki, na kwamba asilimia 92 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Barabara mpya yenye njia mbili kila upande na kizuizi katikati huondoa karibu kabisa aina mbaya kuliko zote ya ajali za barabara nyembamba, yaani kugongana uso kwa uso wakati wa kulipita gari jingine. Hiyo ni faida halisi ya uhai wa watu. Wakati huohuo barabara hiyo huongeza kasi, na kanuni inayotumiwa na shirika hilohilo ni kwamba ongezeko la asilimia 1 katika kasi ya wastani huongeza hatari ya ajali ya kuua kwa takriban asilimia 4. Anayelipia kasi hiyo mara nyingi ni mtu anayevuka kwa miguu.

Nenda usimame kwenye kivuko cha juu cha barabara yoyote ya njia nne inayokatisha makazi, na utazame kwa nusu saa. Kivuko kiko pale, kimejengwa kwa zege zuri, na bado watu wanapita chini yake. Mama aliyebeba ndoo kichwani analipima daraja lile kwa macho: ngazi za kupanda, urefu wa kuvuka, ngazi za kushuka, kisha kurudi mita mia mbili hadi lilipo soko, kwa sababu kivuko kiliwekwa mahali palipokuwa na nafasi, si mahali watu wanapovukia. Anatazama kushoto, anapita kwenye uwazi uliokatwa katika uzio, anasimama juu ya ukingo wa katikati akingoja magari ya upande wa pili. Wengine humwita mkaidi. Mimi naona ni mchoro uliokosewa. Njia ya kupita chini ya barabara, yenye mwanga na mteremko mdogo usio na ngazi, ikiwekwa sawasawa na mahali njia ya zamani ya miguu ilipopita, hutumika bila kuhitaji askari. Ndiyo maana ni muhimu wakazi wawachoree wasanifu njia zao za kila siku, ikiwemo ya watoto wa shule na ya mifugo kwenda kunywa maji, kabla tuta halijainuliwa.

Tuta lenyewe linatuingiza katika mazingira, na upande huu ningependa uangalie maji kabla ya kitu kingine chochote. Barabara kuu hujengwa juu ya tuta ili lami isiloane, na tuta la urefu wa kilomita nyingi, likikatisha mteremko, ni bwawa hata kama hakuna aliyekusudia hivyo. Maji ya mvua ambayo zamani yalitambaa polepole juu ya shamba zima sasa hukusanywa na mtaro na kupelekwa kwenye kalvati moja, yaani bomba la kupitisha maji chini ya barabara. Upande wa juu panakuwa na dimbwi. Upande wa chini maji hutoka kwa nguvu, na baada ya misimu michache utakuta korongo linaloanzia mdomoni mwa kalvati na kuingia katika shamba la mtu. Mhandisi wa barabara huhesabu ukubwa wa kalvati kwa kujali kwamba lami isifurike, na kwa kazi hiyo huwa amehesabu sawa. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza maji yakishatoka yanakwenda wapi.

Yakipangiwa pa kwenda, hasara hiyo hugeuka faida ambayo watu hawaitarajii kutoka kwenye barabara. Huko Tigray nchini Ethiopia na katika kaunti ya Makueni nchini Kenya, maji ya mitaro ya barabara yamekuwa yakielekezwa kwenye malambo, mashimo ya kuyazamisha ardhini na matuta ya mashambani, na hivyo kuongeza unyevu wa udongo na kupunguza makorongo. Mashimo yaliyochimbwa kifusi, ambayo mkandarasi hutakiwa kuyafukia au kuyasawazisha, yanaweza kuachwa kama malambo ikiwa kingo zake zitalazwa ili mtu au mnyama asitumbukie na ikiwa jamii itaomba hivyo kwa maandishi. Shimo lililoachwa bila mpango wowote, kwa upande mwingine, ni hatari kwa watoto na mazalio ya mbu.

Kwa misitu na wanyamapori, mahali inapopita barabara kuna uzito kuliko namna inavyojengwa. Katika Amazon ya Brazili, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba karibu asilimia 95 ya ukataji wote wa misitu ulitokea ndani ya kilomita 5.5 kutoka barabara au kilomita 1 kutoka mto unaopitika kwa vyombo. Lami haikati mti. Humleta mwenye msumeno, na kutoka kwenye barabara kuu huchomoza vijia vya pembeni ambavyo havikuwa katika mchoro wowote. Kwa hofu ya madhara kwa mazingira, Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, mwaka 2014, iliizuia serikali ya Tanzania kujenga barabara ya lami kukatisha kaskazini mwa Hifadhi ya Serengeti, penye njia ya nyumbu wanaohama. Pale ambapo barabara tayari ipo na haiwezi kuhamishwa, ufundi unasaidia sana: katika Hifadhi ya Banff nchini Kanada, uzio wa pande zote mbili pamoja na madaraja yaliyopandwa nyasi na njia za chini kwa ajili ya wanyama vimepunguza ajali za magari na wanyamapori kwa zaidi ya asilimia 80. Uzio peke yake ungewafungia wanyama upande mmoja, na madaraja peke yake yangepuuzwa. Vyote viwili kwa pamoja ndivyo vilivyoleta matokeo.

Utasikia pia hoja kwamba barabara mpya husafisha hewa kwa sababu magari hayasimami kwenye foleni. Nje ya miji, na kwa miaka ya mwanzo, hoja hiyo ina ukweli: injini inayokwenda kwa mwendo sawa hutumia mafuta machache kuliko ile inayosimama na kuondoka. Vumbi la barabara ya udongo nalo hutoweka, jambo ambalo wakazi wa kando ya barabara hulishukuru mno. Ndani na kandokando ya miji mikubwa hali ni tofauti. Gilles Duranton na Matthew Turner, wakichunguza miji ya Marekani, walionyesha mwaka 2011 kwamba idadi ya kilomita zinazoendeshwa na magari huongezeka karibu kwa kiwango kilekile cha ongezeko la njia za barabara kuu, kwa sababu safari zilizokuwa hazifanyiki huanza kufanyika na watu huhamia mbali zaidi. Foleni hurudi, ikiwa na magari mengi zaidi. Jiji la San Francisco lilipoharibikiwa na barabara yake ya juu ya Embarcadero katika tetemeko la ardhi la mwaka 1989, liliamua kuibomoa badala ya kuikarabati, na ufuo uliokuwa chini ya kivuli chake ukawa sehemu inayopendwa na watu. Kwa nyinyi mnaoishi nje ya jiji, funzo la karibu ni la umbali: moshi na chembechembe za barabara yenye magari mengi huwa na athari kubwa zaidi ndani ya mita 300 hadi 500, kwa hiyo shule, zahanati na nyumba za wazee zisijengwe ndani ya ukanda huo hata kama viwanja vyake vinaonekana kuvutia.

Barabara ikishajengwa, inapaswa ilindwe. Majaribio makubwa yaliyofanyika Illinois nchini Marekani kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa lami hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli (mhimili unaobeba magurudumu), yaani ekseli iliyobebeshwa mara mbili huumiza barabara kama mara 16. Kwa hiyo mizani inayofanya kazi kwa uaminifu ni sehemu ya barabara sawa na daraja. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba matengenezo ya wakati ya dola bilioni 12 barani Afrika yangeokoa dola bilioni 45 zilizohitajika kuzijenga upya barabara zilizoachwa zikafa katika kipindi cha muongo mmoja. Ukiambiwa barabara itadumu miaka ishirini, uliza fungu la matengenezo linatoka wapi.

Mmebakiwa na nafasi gani? Kama vigingi vimewekwa lakini usanifu wa kina haujakamilika, nafasi bado ni kubwa. Ombeni kuona ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira na jamii, na zaidi ya ripoti ombeni michoro yenyewe, kwa sababu ripoti husema kwamba vivuko vitakuwepo ilhali mchoro huonyesha viko wapi. Pelekeni kwenye mkutano wa wadau ramani yenu iliyochorwa kwa mkono, ikionyesha njia za miguu, visima, mikondo ya maji ya mvua kubwa, makaburi na maeneo ya malisho. Mhandisi mshauri mzuri huipokea kwa shukrani, maana humpunguzia mabadiliko ya gharama kubwa baadaye. Msiombe mambo ishirini. Ombeni makutano yaliyo karibu na barabara ya soko, barabara za pembeni katika sehemu yenye makazi, vivuko vya chini mahali watu wanapovukia sasa, na mpango wa maji kwa kila kalvati.

Kuhusu ardhi, bei hupanda kabla ya lami kufika, na wanaofaidi ni walio na hati pamoja na walanguzi waliosikia habari mapema. Mpangaji huishia kulipa kodi kubwa zaidi. Msiuze kwa kukimbilia fedha ya kwanza, lakini pia msijenge wala kupanda miti ya kudumu kabla ya kupata kwa maandishi upana wa hifadhi ya barabara, kwa sababu kigingi mara nyingi huonyesha mstari wa katikati na si ukingo. Wakati wa uthamini wa fidia, kila mwenye mali awepo yeye mwenyewe, asome fomu kabla ya kutia saini na abaki na nakala. Nyumba zilizo karibu na eneo la kushindilia udongo au kulipua miamba zipigwe picha, kuta zote, mbele ya shahidi kutoka upande wa mkandarasi, kabla mtambo wa kwanza haujawashwa. Kasoro zitakazojitokeza baada ya ujenzi, kama vile kalvati inayozoa shamba au kivuko kisicho na taa, zipelekwe kwa mhandisi mshauri kwa barua ndani ya kipindi cha uangalizi, ambacho katika mikataba mingi ni mwaka mmoja tangu kazi ikabidhiwe. Katika kipindi hicho mkandarasi bado ana wajibu wa kuzirekebisha kwa gharama yake.